Mashimo ya Kale ya Shaba ya Katanga: Ardhi, Msamiati na Historia ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Makala haya yanahusu machimbo ya kale ya shaba ya Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo, pamoja na maneno ambayo watu wa huko na wa Afrika ya Mashariki wameyatumia kuyataja. Huenda msomaji wa jarida la lugha akashangaa kuona tunaacha vitabu na kushika njia ya vilimani. Sababu yetu ni kwamba katika mjadala wa historia ya Kiswahili cha Katanga, hoja nyingi zimejengwa juu ya nyaraka: barua za wamisionari, ripoti za kampuni, vitabu vidogo vya kufundishia wageni lugha ya kazi. Nyaraka hizo ni muhimu, lakini ziliandikwa na watu waliofika baada ya kazi ya shaba kudumu kwa karne nyingi. Mashimo yenyewe yalikuwepo kabla yao. Kila kitu kinachoonekana katika eneo la kale la shaba kina jina, na majina hayo hayakutoka mahali pamoja wala hayakufika wakati mmoja.

Swali linalotushughulisha ni hili: je, Kiswahili kilifika Katanga kwa njia ya biashara ya shaba ya karne ya 19, kama inavyosimuliwa mara nyingi, au kililetwa na kampuni za migodi za karne ya 20? Johannes Fabian, katika kitabu chake cha 1986 kuhusu lugha na mamlaka ya kikoloni, ameelekea sana kwenye jibu la pili. Tunadhani ushahidi wa msamiati unamuunga mkono kwa sehemu kubwa, ila si kwa yote.

2.0 Kulitambua eneo la shaba

Mtu anayetembea kwa miguu katika nchi ya miombo kati ya Lubumbashi na Kolwezi huona kwa mbali vilima visivyo na miti. Msitu unapanda hadi mahali fulani, kisha unakoma ghafla kama uliokatwa, na juu yake panabaki majani mafupi na maua. Uwazi huo haukusababishwa na shoka wala moto. Udongo wa hapo una shaba nyingi mno kiasi kwamba miti ya kawaida haiwezi kuota. Vilima vya namna hii vimehesabiwa kuwa zaidi ya 100, na kwa wataalamu wa mimea ni hazina ya pekee, kwa kuwa baadhi ya mimea yake haipatikani mahali pengine popote duniani.

Mmea unaojulikana zaidi ni ule ambao wataalamu wanauita Haumaniastrum katangense, wa jamii moja na mrehani, wenye maua ya rangi ya zambarau. Watafutaji wa madini wa karne ya 20 waliutumia kama dalili ya kuwepo kwa shaba. Jambo ambalo halikutazamiwa ni kwamba mmea huo haukui juu ya mawe ya shaba tu. Unapenda udongo uliovurugwa, na kwa hiyo huota pia mahali ambapo watu wa kale walijenga matanuri na kumwaga masalia ya kuyeyushia, hata kama mahali hapo pako mbali na kilima chenye shaba. Waakiolojia wameyapata matanuri ya kale kwa kuufuata. Hapa ua ni dalili ya jiwe, na pia ni dalili ya kazi ya mtu. Ni vigumu kupata mfano ulio bora zaidi wa kumwonyesha mwanafunzi wa semantiki tofauti kati ya ishara ya kimaumbile na ishara ya kihistoria.

Kichuguu nacho kinasomwa. Mchwa huchimba chini sana na kupandisha udongo wa kina hicho juu, na mtafutaji wa madini anaweza kuchukua sampuli ya kichuguu badala ya kuchimba. Mhunzi wa kale alikitumia kwa njia nyingine: udongo wa kichuguu ulikuwa ndio udongo wa kujengea tanuri, kwa sababu unastahimili moto. Kitu kimoja kilikuwa na kazi mbili kwa mafundi wa zama mbili.

3.0 Shimo, handaki, machimbo, mgodi

Ukifika juu ya kilima unakuta mabonde madogo, vishimo vyembamba vilivyojaa maji au majani, na marundo ya kifusi yenye vipande vya kijani. Kijani hicho ni malakiti, jiwe ambalo wachimbaji wa kale walilitafuta kuliko yote, kwa kuwa linaonekana kwa macho na linayeyuka bila taabu kubwa. Walifuata mshipa wa kijani kwa sururu za chuma hadi ulipopotea au maji yalipowazuia. Jiwe jeusi lililokuwa pembeni yake waliliacha. Leo jiwe hilo jeusi, lenye kobalti, ndilo linalowavuta maelfu ya wachimbaji wadogo katika eneo la Kolwezi, na baadhi ya vifusi vya zamani vimepekuliwa upya kwa ajili yake.

Kando ya vishimo hivyo visivyo na mpangilio kuna mifereji iliyonyooka, yenye kingo za wima. Hiyo ni kazi ya watafutaji wa kikoloni. Jules Cornet, mwanajiolojia wa msafara wa Bia na Francqui, alizungukia vilima hivi mwaka 1892. George Grey, akiwa mtumishi wa kampuni ya Tanganyika Concessions ya Robert Williams, aliingia kutoka kusini mwaka 1899 na kufika Kansanshi, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Utaratibu wao haukuwa wa siri. Waliwauliza wenyeji mashimo yako wapi, wakaenda huko, wakachimba mifereji ya majaribio pembeni ya mashimo hayo. Tofauti kati ya shimo la kale na handaki la mtafutaji inaonekana hata kwa mgeni: la kwanza linapinda kwa kulifuata jiwe, la pili linakata jiwe kwa kufuata kamba ya kupimia.

Hapa ndipo vitenzi vyetu vinapotutia mashakani. Vitabu vya historia vya Kiswahili, vingi vikiwa vimefuata vya Kiingereza na Kifaransa, husema kwamba Mzungu fulani "aligundua" au "alivumbua" shaba ya mahali fulani. Kuvumbua ni kukuta kilichofichika. Shimo lenye kina cha watu kadhaa, na kifusi chake pembeni, halikufichika. Ingetosha kusema kwamba alionyeshwa.

Tuangalie sasa majina ya shimo lenyewe. Kiswahili kina "machimbo", nomino iliyonyambuliwa kutokana na kitenzi "chimba", isiyo na utata wowote kuhusu asili yake. Pia kina "mgodi", ambalo leo ndilo neno rasmi. Neno hili linahitaji kuchunguzwa. Katika maneno ya Kibantu ambayo Kiswahili kimeyarithi, sauti ya "d" huonekana kwa kawaida baada ya "n" tu, kama katika "ndege" na "panda". Mahali pengine sauti ya asili imekuwa "l" au "z", au imetoweka. "D" ya "mgodi", iliyosimama peke yake kati ya irabu mbili, inatia shaka kwamba neno ni la kuja. Tukielekea kusini shaka hiyo inaongezeka. Kizulu kina "umgodi", shimo au mgodi, Kishona "mugodhi", Kichewa "mgodi". Kibemba kina "umukoti", na umbo hili linatoa ushahidi mzuri zaidi kuliko yote. Kibemba hakina "g" wala "d" isipokuwa baada ya nazali. Neno lilipofika, "g" ikageuzwa kuwa "k" na "d" ikawa "t", kama inavyofanyika kwa maneno ya mkopo. Kwa hiyo inaelekea kwamba "mgodi" lilipanda kutoka kusini pamoja na vibarua na lugha ya migodini, likapita katika Ukanda wa Shaba, na sisi tukalipokea. Shimo ni la kale, lakini jina tunaloliita leo ni la zama za mshahara.

"Handaki", kwa upande mwingine, limetoka katika Kiarabu na kwetu lilikuwa kwanza neno la vita na ngome. Kulitumia kwa mfereji wa mtafutaji madini ni kulipanua, na wala si upanuzi mbaya.

4.0 Tanuri na jina la metali

Kazi ya kuyeyusha ilifanyika wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, wakati mikono ilipokuwa na nafasi na maji ya mashimoni yalipopungua. Tanuri lilikuwa dogo, likajazwa makaa ya miti migumu na malakiti iliyopondwa, na kupulizwa kwa mivuo ya ngozi kupitia mirija ya udongo. Shaba iliyoyeyuka ilisubiwa katika kalibu. Umbo lililojulikana zaidi ni la msalaba, ambalo katika maandishi mengi limeitwa "handa". Makaburi ya Sanga, yaliyochimbuliwa mwaka 1957 na 1958 kandokando ya ziwa Kisale, yameonyesha kwamba misalaba ilizikwa pamoja na wafu. Na utafiti uliofuata wa Pierre de Maret umeonyesha kwamba kadiri karne zilivyopita misalaba ilipungua ukubwa na kuwa ya vipimo vinavyolingana, hali inayofaa kwa sarafu. Misalaba ya namna hiyo imepatikana pia Ingombe Ilede, karibu na mto Zambezi. Mwaka 1960 Katanga ilipojitenga, misalaba mitatu iliwekwa kwenye bendera yake.

Katika maelezo haya tumetumia maneno ya Kiswahili: kusubu, kalibu, mivuo, tanuri. Yote yamo katika kamusi, na yote ni ya wahunzi na masonara wa pwani. Hakuna hata moja ambalo tunaweza kudai kuwa lilitumiwa na myeyushaji wa Katanga wa karne ya 18. Yeye alikuwa na maneno yake, ya lugha za jamii ya Kisanga, Kilamba na Kiluba, na metali yenyewe katika ukanda huo imeitwa "mukuba". Kwa hiyo tabaka la chini kabisa la msamiati, lile la kazi ya moto na jiwe, si la Kiswahili. Mtu anayesema kwamba Kiswahili ni lugha ya kale ya shaba ya Katanga anachanganya lugha ya bidhaa na lugha ya kiwanda.

Neno "shaba" linathibitisha jambo hilo kwa njia isiyotarajiwa. Kiarabu huiita shaba nyekundu "nuhas". "Shabah" ni shaba ya manjano, yaani metali iliyochanganywa ikafanana na dhahabu, na mzizi wake ndio huo wa kufanana. Watu wa pwani waliipokea metali hii kama sinia, birika, nyaya na mapambo yaliyokwisha kutengenezwa, hawakuipokea kama jiwe. Ndiyo maana hadi leo Kiswahili hulazimika kuongeza kivumishi, "shaba nyekundu", panapohitajika usahihi. Jina letu la kawaida la metali ya Katanga ni jina la metali nyingine, tulilolipata upande wa pili wa bara kutoka kwa wauzaji.

5.0 Kutoka Usumbwa hadi Bunkeya

Uhusiano wa Katanga na nchi ambayo sasa ni Tanzania hauna shaka. Kalasa, mfanyabiashara wa Kisumbwa, alikwenda Katanga kutafuta shaba, na katikati ya karne ya 19 mwanawe Ngelengwa alimfuata, akabaki, akajenga utawala wenye makao yake Bunkeya. Ndiye aliyekuja kujulikana kama Msiri. Watu wake waliitwa Wayeke, jina linalohusishwa na "bayege", chama cha wawindaji wa tembo cha Usumbwa na Unyamwezi, na nchi yao iliitwa Garenganze. Wayeke walijifunza kazi ya shaba kutoka kwa wenyeji na kuiongezea, hasa katika kufua nyaya. Misafara ilibeba shaba na pembe kuelekea mashariki, na vilevile kuelekea pwani ya Angola. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na Kapteni Bodson wa msafara wa Stairs, msafara ambao wapagazi wake wengi walikuwa wametoka Zanzibar na pwani.

Katika hali kama hiyo ni lazima Kiswahili kilisikika Bunkeya. Lakini kusikika si kuzungumzwa nyumbani. Lugha ya watawala ilikuwa ya Kisumbwa, wenyeji walikuwa na zao, na wafanyabiashara wa magharibi walikuja na Kireno na Umbundu. Hoja ya Fabian, kwa ufupi, ni kwamba tunachokiita leo Kiswahili cha Lubumbashi kilipata wazungumzaji wake baada ya Union Minière kuundwa mwaka 1906 na shaba ya kwanza kuyeyushwa Lubumbashi mwaka 1911. Mwanzoni lugha ya migodini ilikuwa ile iliyotoka kusini pamoja na reli, wasimamizi na vibarua kutoka Rhodesia. Wabelgiji waliiogopa kwa sababu ilinukia Uingereza. Walipogeukia vibarua wa kaskazini na mashariki, kutoka Maniema hadi Ruanda-Urundi, Kiswahili kilifaa kwa kazi na kwa siasa. Watoto waliozaliwa katika kambi za wafanyakazi ndio waliokifanya kuwa lugha ya mama, yenye "mutu" na "mukubwa", yenye viambishi vya udogo "ka-" na "tu-", ambayo Polomé aliieleza katika miaka ya 1960.

Ukirudi kilimani na orodha ya maneno mkononi, utaona kwamba msamiati unakubaliana na maelezo hayo mahali pengi. Msimamizi ni "kapita", neno la asili ya Kireno. Mgodi umetoka kusini. Vifaa na vyeo vya karne ya 20 ni vya Kifaransa. Lakini "shaba" haliwezi kuelezwa hivyo. Kampuni haikuwa na sababu yoyote ya kuwafundisha wachimbaji jina la Kiarabu cha pwani kwa metali ambayo wote walikwisha kuijua kwa jina la mukuba. Neno hilo lilikwisha fika na misafara, likawa ndilo jina la metali sokoni. Hapo ndipo tunapotofautiana na Fabian: njia ya misafara haikuleta wazungumzaji wengi, ila iliacha maneno ya mizani na bei, na kampuni ilipoleta wazungumzaji iliyakuta maneno hayo yakisubiri.

Mwaka 1971 serikali ya Mobutu iliamua kulifuta jina la Katanga, lililokuwa limechafuliwa na kujitenga kwa mwaka 1960 hadi 1963, na jimbo likaitwa Shaba hadi 1997. Tendo hilo lilifanyika kwa jina la uhalisi wa Kiafrika. Jina lililofutwa lilikuwa la mtemi mwenyeji na nchi yake. Lililowekwa ni la Kiarabu, lenye maana ya shaba ya manjano, lililopita Zanzibar. Hatusemi kwamba neno la mkopo si la Kiafrika, kwani tungebaki na nusu ya kamusi yetu. Tunasema tu kwamba "mukuba" lilikuwepo na halikuchaguliwa, kwa sababu kufikia wakati huo Kiswahili kilikuwa ndicho lugha ya mji.

6.0 "Wala shaba"

Mwaka 1926 Jean-Félix de Hemptinne alichapisha maelezo ya uyeyushaji wa shaba, akiwaita mafundi hao "wala shaba" wa Katanga. Msemo huo umerudiwa mara nyingi na wageni kama kichekesho cha ajabu, na wengine wameueleza kwa dhana za uchawi. Mzungumzaji wa lugha ya Kibantu haoni ajabu yoyote. Katika Kiswahili tunakula kiapo, tunakula yamini, tunakula njama. Katika Kibemba anayerithi utemi "anakula utemi". Kula kitu ni kukitwaa kikawa sehemu ya hadhi yako, na si kuishi kwacho peke yake. Aliyekula shaba alikuwa ameingia katika daraja la watu wenye ruhusa ya kuichimba, kuiyeyusha na kuigawa. Tafsiri ya neno kwa neno ya Kifaransa iliondoa maana hiyo ya daraja na kuacha mdomo tu.

7.0 Maneno yaliyobaki kukusanywa

Kazi ya uwandani katika maeneo haya haiwezi kungoja. Machimbo ya kisasa ya wazi huondoa kilima kizima, pamoja na mashimo ya kale, mahandaki ya Cornet na Grey, na mimea. Étoile, karibu na Lubumbashi, ambako wenyeji walipaita Kalukuluku, palikuwa machimbo ya kwanza ya Union Minière, na sura yake ya kale imekwisha toweka. Pamebaki majina mawili, moja kwenye ramani na moja midomoni.

Kwa mwanafunzi anayekusudia kwenda, tungependekeza asianze na orodha ya maneno ya Kifaransa au Kiingereza yanayohitaji tafsiri. Atapata tafsiri, na nyingi zitakuwa zimetungwa papo hapo ili kumridhisha. Aende na mtu mzima hadi kilimani, aulize kila kitu kinaitwaje mahali kilipo: uwazi usio na miti, jiwe la kijani likiwa mwambani na likiwa limepondwa, shimo linaloingia maji, tendo la kuvuta mvuo na tendo la kuusukuma. Aulize pia kile kinachobaki chini ya tanuri baada ya shaba kutoka, takataka nyeusi inayong'aa kama chupa. Wanaosanifu istilahi hupenda kuiundia jina jipya. Wahunzi wa pwani walikwisha ipa jina zamani, nalo limo katika kamusi za awali: mavi ya chuma. Tungependa kujua kama wala shaba nao waliiita hivyo kwa lugha zao, maana kama ndivyo, tutakuwa na sitiari moja ya uhunzi iliyoenea kutoka pwani hadi Lualaba bila kupita katika msafara wala kampuni.